Mshauri wa Ndoa Mbele ya Baraza

Mama Miwani alikuwa mtu wa kupima. Kutwa alikaa nyuma ya duka akisaga vioo vya miwani, na kioo kikizidi hata unene wa unywele, alikitupa. Mume tu ndiye hakumpima.

Mume mwenyewe watu walimwita Mshauri. Kazi yake ilikuwa kualikwa harusini kuwafunda maharusi. Akishika kipaza sauti na kusema, "Ndoa ni bustani, imwagilieni!" watu wazima na akili zao walitoa leso. Bustani yake yeye alikuwa ameihama mwaka wa tatu huo, yuko kwa msusi wa mtaa wa pili, ila picha ya harusi yao aliendelea kuibandika kwenye matangazo yake bila haya.

Mama Miwani alipochoka, alikwenda mahakamani. Karani, mzee aliyekwisha kuona vituko vya kila rangi, alimweleza: alete cheti cha ndoa, alete ushahidi kwamba ndoa imevunjika na haitengenezeki, na kabla ya yote alete hati ya baraza la usuluhishi kwamba wamejaribu kuwapatanisha wakashindwa.

"Bila hati hiyo, mama, hata hakimu awe shemeji yako hakusikilizi."

Mshauri alipopata wito wa baraza, akapiga simu. "Mama watoto, talaka ya nini? Tutengane tu kisheria. Kila mtu kwake, mambo kimya kimya."

"Na mimi nibaki mke wako?"

"Kwa jina tu."

"Jina lenyewe ndilo linalonuka," akasema, akakata simu.

Kikao cha kwanza Mshauri hakutokea, ana mafua. Cha pili hakutokea. Ana semina, tena semina ya uvumilivu katika ndoa. Cha tatu alitanguliwa na manukato yake, akaingia na suti ya rangi ya maziwa. Wazee watatu wa baraza walikuwa wamekaa nyuma ya meza: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu; katibu na kalamu yake; na mama mmoja mnene ambaye binti yake alifundwa na Mshauri huyo huyo. Mama mnene akainuka kumpa mkono, akammiminia na maji. Mama Miwani aliona yote.

"Wazee wangu," Mshauri akaanza kwa sauti ya harusini, "mke wangu nampenda. Mlango aliufunga yeye. Mimi hata leo niko tayari kurudi nyumbani." Akafuta jicho kavu.

Mkewe akamtazama kama anavyotazama kioo chenye mkwaruzo: bila hasira, akitafuta tu pa kukitupa.

"Mama, umesikia," mwenyekiti akasema. "Mwenzako yuko tayari. Unasemaje?"

Wiki mbili nzima alikuwa amepanga maneno ya kusema. Akayaacha yote. Akikataa, ataandikwa yeye ndiye mkaidi.

"Nimekubali," akasema. "Arudi."

Mama mnene akapiga makofi. "Mungu mkubwa!"

"Arudi leo. Kaka yangu yuko nje na pikapu. Twende sasa hivi kwa msusi tukachukue nguo zake, nanyi wazee mtusindikize, mshuhudie."

Mshauri akaitazama saa yake. "Leo ni haraka mno."

"Basi kesho," mwenyekiti akasema.

"Kesho nina shughuli..."

"Bwana, si umesema mwenyewe hata leo?"

Jasho likamshuka hadi kwenye kola. Akawageukia wazee mmoja mmoja. "Wazee, mnielewe. Mwenzangu ana mimba ya miezi saba. Daktari amesema asishtushwe."

"Mwenzako yupi, baba?" mama mnene akauliza, huku akiirudisha kwake ile bilauri ya maji.

Mwenyekiti akamwashiria katibu, naye akaandika: baraza limeshindwa kuwasuluhisha.

"Mama, una la kuongeza?"

"Jina langu liandikwe vizuri, lisije likanirudisha hapa."

Nje, Mshauri alimkimbilia. "Umenitega!"

"Nimekukaribisha nyumbani," akamjibu bila kusimama. "Wewe ndiye uliyeona mtego."

Miezi michache baadaye hakimu aliisoma hati ile, akauliza maswali manne, akaivunja ndoa kabla ya saa sita mchana. Mshauri aliinamisha kichwa, hana hata methali moja. Kaka mtu akampakia dada yake kwenye pikapu kumrudisha kazini, maana kulikuwa na mteja anayesubiri vioo vyake.

"Dada, huna hata huzuni kidogo?"

"Ya nini? Mtu akitolewa kibanzi jichoni, hukililia?"

Kaka akacheka mpaka akaipita kona ya kuingilia, ikabidi wazunguke mtaa mzima.