Maji ya Mgongo wa Dereva

Walimwita Dereva hata alipostaafu. Miaka thelathini na moja ya malori ilimwachia mgongo usiokunjika, ndipo akanunua jakuzi ya mtumba, beseni kubwa la maji ya moto, akaifungisha kwenye ukumbi wa nyuma. Kila alasiri alikaa humo mpaka vidole vikunjane. Mkewe alimtania kwamba ameolewa na nguo iliyolowekwa.

Kutunza maji ilikuwa kazi ya mkewe. Kila asubuhi alichovya kijikaratasi cha kupimia, akalinganisha rangi zake na zile za kwenye kopo, kisha akatia klorini kwa kadiri. Fundi alikuwa amemwonya kwamba joto huimaliza dawa upesi, na kwamba maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yamejaa vijidudu vinavyopanda na mvuke hadi mapafuni. Hakuruka hata siku moja.

Kisha mama yake akaugua, ikambidi asafiri kwenda kumuuguza. Akamwachia wifi yake, dada mkubwa wa Dereva, kopo la dawa na maelezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Wifi alikuwa mtu wa huruma, ila akishaamua jambo, basi tena. Aliona mabaka mekundu mgongoni mwa kaka yake, akasema hawezi kumloweka mtu kwenye dawa ya kusafishia vyoo. Siku ya tatu akaacha kuitia. Mabaka yakafifia, Dereva akamshukuru. Kwenye simu wote wawili walimwambia mke maji ni safi, na kwa macho yalikuwa safi kweli.

Wiki ya tatu Dereva akaanza kukohoa. Wakadhani ni mafua. Mkewe alipofika hospitali, mumewe alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni. Alimtambua, akauliza kwa shida mama mkwe anaendeleaje. Alhamisi, saa sita mchana, akakata roho.

Baada ya maziko alikuja afisa wa afya, akachukua maji kwenye chupa. Alipoondoka, mjane alichovya kijikaratasi. Upande wa klorini ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Akajua dawa haikutiwa, akawa anayapanga maneno atakayomwambia wifi.

Afisa alirudi na majibu: vijidudu vya kwenye maji ndivyo vilivyokutwa mapafuni mwa marehemu. Akauliza nani alikuwa akiyatunza.

"Ni mimi," wifi akasema. "Niliionea huruma ngozi yake."

Mjane hakuyasema yale aliyoyapanga; alileta kopo la dawa, akaliweka mbele ya afisa.

Afisa akaagiza maji yatiwe dawa kali kabla ya kumwagwa. Wifi akasema ataitia mwenyewe, lakini alipofungua kopo hakujua kiasi. Mjane akampimia, akamkabidhi bila kumtazama.

Jakuzi ilipobaki tupu, wifi akajifunga mtandio na kuaga. Mjane akamsindikiza hadi mlangoni. Hakumwambia karibu tena.