Cherehani Sebuleni

Afisa wa halmashauri alipoingia kwenye chumba cha ushonaji nusura amkanyage mtoto. Mtoto alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa vya kaki, ngumi zote mbili zimefumbwa kama anayegombana na mtu ndotoni. Afisa akaruka, akajigonga kwenye ubao wa pasi, na alipogeuka kuomba radhi akajikuta uso kwa uso na bikizee mmoja aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila hata kuitazama.

"Pole, baba," bikizee akasema. "Ila huyo ukimwamsha, utambembeleza mwenyewe."

Mama Mkasi alicheka lakini hakusimamisha cherehani. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na watu hawajakubaliana mpaka leo kama jina lile lilitokana na mkasi aliokuwa akiuning'iniza shingoni au na ulimi wake. Chumba kile kwenye jengo la soko alikuwa amekipanga kwa halmashauri tangu mumewe yu hai. Mume alipofariki, ndugu walimshauri arudi kwao akapumzike. Alilia, akajifuta machozi, akaketi kwenye cherehani. Wengi wa watoto wa mitaa ile walivaa sare zilizopita mikononi mwake. Mama mkwe wake, yule bikizee waliyemwita Bibi Vifungo, alishona vifungo kwa kupapasa kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Mke wa mwanawe alikata na kupiga pasi. Mwanawe mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo.

Afisa alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, na alikuja na habari njema, au ndivyo alivyodhani. Halmashauri ilikuwa na mpango mpya kwa karakana zote za jengo lile. Atakayejiunga atapewa mashine za umeme, na kwa mafundi cherehani, tenda ya sare za shule itakuwa yao.

"Umeme!" Mama Mkasi akasema, na safari hii mguu ulitulia. "Endelea, mwanangu. Hapo unanipendeza."

"Masharti ni madogo tu. Mahali pa kazi pabaki wafanyakazi. Watoto wachanga wana kituo chao cha mchana, walezi wamesomea. Wazee nao wana chao. Viti vizuri, chai, televisheni."

"Nikatazame televisheni?" Bibi Vifungo akauliza. "Kwa macho haya haya, au mtanigawia mengine?"

Afisa akatabasamu kwa adabu. Mama Mkasi hakutabasamu.

"Na anayekataa?"

"Hakuna aliyekataa, mama."

"Sikuuliza hilo."

Kijana akashusha macho. "Itabidi arudishe chumba."

Mama Mkasi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Sikiliza. Mashine zako nazitaka, sikudanganyi. Lakini mtu akikupa kitu halafu akakupangia mama yako akae wapi, huyo hajakupa. Amekununua."

"Serikali inataka kusaidia tu, mama."

"Itengeneze barabara. Ikamate wezi. Itie maji kwenye mabomba. Hayo tumewaachia ninyi, na bomba la hapo nje linakohoa tu kama mzee wa pumu. Sasa mmeyamaliza hayo, mmekuja kwenye usingizi wa mjukuu wangu? Hapana. Nani alale wapi nyumbani kwangu, hilo niachieni."

Habari ilizunguka soko kabla afisa hajashuka ngazi. Fundi viatu wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa ameshajiunga, alikuja kumsihi. "Chukua mashine, Mama Mkasi. Masharti ni mdomo tu, yatapoa. Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Pema pa nani?" Mama Mkasi akamjibu. "Na hao waliokupa leo, kesho wakisema na mkeo hafai kukaa hapa, utafanyaje?"

"Huyo nitampeleka kituoni mwenyewe," fundi viatu akasema, na wote wakacheka. Ila alipoondoka, Mama Mkasi alibaki ameshika kitambaa muda mrefu bila kukikata.

Jioni, wakati wa chakula, mkwe wake hakula. Alikuwa mwanamke mkimya, tena kimya cha mtu anayepima kabla hajakata.

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Kuhusu kituo. Yule ni mwanangu. Nilishakwenda kukiona. Kisafi. Mimi nikikata kitambaa, jicho moja liko kwa mtoto. Juzi nimemkuta na pini mdomoni. Ulijua hilo?"

Mama Mkasi hakujua. Lakini mtu aliyekwisha panda mti hashuki kwa kuambiwa. "Sisi tulilea huku tunafanya kazi, watoto mgongoni, na hakuna aliyekufa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na halmashauri si hata ndugu."

"Mlilea, mama. Na mlilia pia, ila mlilia kimyakimya."

Bibi Vifungo akajifanya hasikii. Mama Mkasi akainuka, akaosha vyombo kwa kelele ambazo vyombo havikustahili.

Halmashauri haikupoa. Siku ya kurudisha chumba ilipofika, askari wawili wa halmashauri walisimama mlangoni na kufuli jipya, wakiangalia pembeni kwa sababu suruali walizovaa zilipunguzwa na mwanamke waliyekuja kumtoa. Mama Mkasi alikuwa amekodi mkokoteni. Alikuwa akihangaika na cherehani ya kwanza, ile nzito ya chuma, jasho likimtoka, na hakutaka mtu amsaidie asije akadhaniwa ameshindwa.

Mkwe wake akaingia, mtoto mgongoni. Alipanda kwenye kiti, akakifungua kwa bisibisi kibao cha biashara kilichokuwa juu ya mlango, akakishusha. Kisha akashika upande wa pili wa cherehani.

"Sijakubaliana nawe, mama," akasema. "Hata kidogo. Lakini hakuna mtu atakayekutoa kwenye kiti chako mimi nikitazama mikono kifuani. Haya, tuinue."

Wakainua. Mkokoteni ulipojaa, wakapita katikati ya soko kweupe, Bibi Vifungo mbele akiwa amekumbatia kopo lake la vifungo, akiuliza kila hatua, "Wanatazama?" na Mama Mkasi akimjibu, "Wanatazama, mama. Inua kichwa." Fundi viatu aliweka nyundo chini. Alikuja akausukuma mkokoteni kwa nyuma mpaka kona, kisha akarudi haraka, asionekane.

Makochi ya sebuleni yakahamia chumba cha kulala, moja likalala chali juu ya kabati. Cherehani zikapangwa dirishani. Kibao kikapigiliwa juu ya mlango wa nyumba. Hawajamaliza kutoa vumbi, afisa akabisha hodi. Mkononi alikuwa na kitabu cha kanuni.

"Karibu," Mama Mkasi akasema. "Vua viatu, umeingia nyumbani kwa watu."

Akavua.

"Mama, ukifanya kazi hapa, kanuni ya mahali pa kazi..."

"Hapa ni sebuleni kwangu. Huyu ni mama mkwe wangu, amekaa sebuleni kwake. Yule ni mjukuu wangu, amelala kwao. Kitabu chako kinasema nini juu ya sebule?"

Kijana akafunua kurasa. Akafunua tena. Alikuwa mkweli, hilo lazima tumkubalie. "Hakisemi kitu," akakiri. "Bado."

"Kikisema, njoo. Utanikuta papa hapa."

Lakini ujasiri haushoni sare. Tenda ilikwenda kwa waliojiunga, na haikurudi. Miezi ile ilikuwa migumu. Waliishi kwa kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kugeuza kola za mashati yaliyochakaa ziwe na uso mwingine. Baadhi ya wateja waliwafuata mpaka sebuleni. Wengine waliona ni mbali, wasije tena. Kutoka sokoni zilisikika habari kwamba mashine za umeme zinakwenda kama upepo. Mama Mkasi alizisikia, akaumia, akakanyaga pedali. Mwanawe alipiga simu akiwa safarini, akamwambia, "Mama, si ungekubali tu?" Akamjibu, "Wewe tazama barabara."

Asubuhi moja mkwe wake alisimama mbele yake na mtoto aliyekogeshwa.

"Nimemwandikisha kituoni. Asubuhi tu. Mchana namchukua."

Cherehani ikanyamaza. "Baada ya yote yale? Umenitoa sokoni kifua mbele, leo unawapelekea mtoto wenyewe?"

"Ulimwambia afisa kwamba nani alale wapi ni juu ya wenye nyumba, si halmashauri. Nilikuwepo, nikasikia, na nilikubebea cherehani kwa sababu ya neno lile." Hakushusha macho. "Sasa mimi ndiye mama yake. Au ulimaanisha wewe peke yako?"

Bibi Vifungo akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka sindano ikamponyoka. "Kata, mwanangu, kata!" akamwambia mkwe. "Mkasi umepata kinoo."

Mama Mkasi akamnyooshea mtoto kola. Neno lilikuwa lake mwenyewe, angelikana vipi?

"Kwa nini isiwe kwa mtu tunayemjua?" akauliza.

"Mlezi ni binti wa muuza magazeti. Ulimshonea sare."

"Hm." Akasimama, akajipangusa nyuzi magotini. "Mlete huku. Nampeleka mimi."

Alitembea na mjukuu begani mpaka kituoni, mkwe akimfuata nyuma. Mlezi aliwapokea mlangoni kwa furaha, akaanza kushukuru kwamba hatimaye familia imeuelewa mpango.

"Hapo usinikosee," Mama Mkasi akamkatiza. "Hatujaelewa mpango wowote. Huyu ameletwa na mama yake kwa sababu mama yake ameamua. Hatukutumwa na mtu, hatukulazimishwa na mtu, na siku akiamua vingine tutamchukua hata kama analala. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, shikamoo," mlezi akasema kwa pumzi moja.

"Marahaba. Sasa nionyeshe anapolala." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia, akibonyeza godoro moja baada ya jingine kwa kiganja, huku mkwe wake akisimama mlangoni, mkono mdomoni, asijue kama acheke au aingie kumzuia.