Mbegu ya Mogaka

Mimi nikiambiwa kitu mara moja, nimesikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba, na mume wangu Mogaka alishanizoea.

Msitu ulio juu ya shamba letu, huku Nyamache, zamani ulikuwa wa kuogopa askari wa misitu tu. Miaka miwili iliyopita kikaundwa kikundi cha msitu. Tukaruhusiwa kutundika mizinga mle ndani, asali ikapata wanunuzi Keroka, wageni wakaanza kupanda kilima kutazama wanyama, na kiingilio chao kikatuletea bomba la maji hadi kanisani. Sasa kikundi kilitaka mtu wa kuwaongoza wageni, wa kulipwa kila mwezi. Mogaka aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Majani chai yetu ni mistari michache, na binti yetu Mokeira alikuwa anangoja kwenda chuo cha uuguzi.

Sabato moja, baada ya ibada, Bi Jacinta wa mradi unaosaidia kikundi akasimama kutoa tangazo. Mogaka alikuwa na homa, nikaenda peke yangu. Jacinta ni mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kinakimbia. Sisi chetu tulikipata darasani kwa kiboko. Nikamsikia akisema tulinde mbegu, na atakayelinda vizuri ndiye atakayefikiriwa kwanza kwa ile kazi.

Nikampelekea Mogaka habari. Akauliza, "Mbegu? Watu wa msitu wanataka nini na mbegu?"

"Loo! Nani alikuwa kanisani, mimi au wewe? Baba Mokeira, inuka ulinde maharagwe yako!"

Maharagwe ndiyo kwanza yalikuwa yameota, na wale nyani weusi wenye mkia wa manyoya meupe walikuwa wakishuka kula majani machanga. Siku zote tuliwafukuza kwa kugonga debe. Safari hii Mogaka akatega waya. Jumatano asubuhi tukamkuta mmoja amekufa, na mtoto mweupe pepepe amemng'ang'ania tumboni.

Mogaka akamweka yule mkubwa begani, mimi nikamfunga mtoto kwenye leso, tukaenda ofisi ya kikundi. Mume wangu alitembea kama mtu anayepeleka cheti chake.

"Nimelinda mbegu," akasema.

Bi Jacinta akajishika mdomo. "Mbega, mzee! Nilisema mbega. Huyu uliyembeba ndiye mbega! Wageni wanamfuata huyu."

Mwenyekiti wetu, Abner, akauliza, "Nani alikuambia mbegu?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Mtoto alikuwa anasogea ndani ya leso. Sikuona aibu, sikuona hofu, sikuona kitu. Mdomo wangu huu usionyamaza ukanyamaza.

"Nilisikia vibaya mwenyewe," Mogaka akasema.

Kwa kuwa alijileta, kikundi kilimwombea asishtakiwe. Jina lake likafutwa kati ya walioomba kazi, nayo akapewa Obwocha wa ng'ambo ya mto. Mtoto wa mbega akaishi siku mbili. Mokeira ameajiriwa dukani Kisii mjini, na habari ya uuguzi haitaji tena. Maji bado yanakuja, asali bado inauzwa, wageni bado wanapita kando ya ua wetu, Obwocha mbele. Sokoni mtu akikosea kusikia, wanamwambia, "Hiyo ni mbegu ya Mogaka," halafu wanacheka. Siku moja nilicheka nao. Nilisikia sauti yangu ikicheka, nikaendelea kupima ndizi zangu.

Mogaka angenigombeza ningejua la kusema, maana domo ninalo. Hagombezi. Jana tulikuwa shambani tena, mimi nachimba mashimo, yeye ameshika bakuli. Akaninyooshea.

"Shika hizi," akasema. "Hizi za kupanda."

Tangu siku ile ofisini, mbele yangu hajawahi kulitamka lile neno.