Mende wa Kijito cha Flavian

Tangu asubuhi Flavian hakutulia. Alizunguka ua wake wa Kizwite, akahamisha ndoo, akairudisha, huku Jafeti, mtafiti wa wadudu kutoka Mbeya, akimtazama kutoka kwenye kigoda.

"Mzee, siku tatu nimepekua vijito vya Wampembe," Jafeti alisema. "Mende wako wa maji hayupo. Na karatasi uliyoitia chupani, pamoja na yule uliyenipa, inasema Wampembe."

"Inasema nilichotaka iseme."

Mwongo? Haya, mwongo. Lakini mwaka 2009 mgeni mwingine alikula ugali wa ulezi humu humu, akaonyeshwa kereng'ende asiyekuwemo kwenye kitabu chochote. Makala ilipotoka, kereng'ende alikuwa na jina la mke wa mgeni, na Flavian, aliyeingia majini hadi kiunoni, kaandikwa "mwenyeji". Tangu siku hiyo kila mdudu aliyemkamata alimwandikia mahali pa uongo. Wezi wakahangaike huko.

"Nina jike mmoja tu," Jafeti alisema. "Kutangaza spishi mpya kunataka dume. Hawa hutambuliwa kwa viungo vya dume, huko nyuma."

"Umesoma miaka mingapi ili uchungulie makalio ya mende?"

"Kumi na miwili, baba. Mama bado ananiuliza nitaajiriwa lini."

Justina, mke wa Flavian, alikuwa akipepeta mahindi. "Mdogo wako Maximilian ameshafyeka matete kule kijitoni, analima kabichi," alisema bila kuinua macho. "Mende wakiisha, utamficha nani?"

Flavian akachukua chujio la chai.

Walipofika, nusu ya kijito ilikuwa matuta. Maji yaliyobaki hayakujaza makarai matatu. Flavian aliingia na suruali yake, akachota tope, akamwaga, akachota tena, akimlaani Maximilian, kabichi, na wasomi wote. Mara ya tisa akafumba kiganja.

"Miguu ya mbele ikoje?" Jafeti aliuliza kwa sauti ndogo.

Flavian akachungulia kati ya vidole. "Mipana."

"Dume. Nipe, mzee, utamponda. Akipondeka hafai."

"Toa penseli. Andika kijito hiki, kwa jina lake la Kifipa. Kisha aliyemkamata."

Jafeti akaandika gotini. Mende alikuwa akimkwaruza Flavian kiganjani, kila mara kwa nguvu pungufu.

"Soma."

Jafeti akasoma.

"Jina langu la pili umelifupisha."

"Mzee, jamani, unamponda."

"Basi andika upesi," Flavian alisema, ngumi ikiwa bado imefumbwa.