Kinini ya Tansiyo na Mufuko Nyuma ya Mulango

Asubuhi ile nilikuta mufuko nyuma ya mulango. Ulikuwa ule mufuko mukubwa wa milia ambao watu wa hapa Bunia wanabeba wakikimbia vita ao wakienda ndoa, na ulikuwa umejaa. Sufuria ya muke wangu Léontine ilikuwa imetoa mukono inje. Mwanamuke anayefunga nguo anaweza kuwa anaenda kusalimia watu. Anayefunga sufuria anahama.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Mahagi-Port, kwa kaka yangu. Kula samaki."

"Utarudia lini?"

"Samaki ya ziwa haiishake."

Bibi yangu hana kelele. Tangu padri atufungishe ndoa sikuwa nimemusikia akipandisha sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha. Angepiga kelele, ningejua pa kushika.

Sababu ya mufuko niliijua. Mwanzoni mwa mwaka daktari alinibadilishia kinini za tansiyo, vile vidonge vya kushusha presha ya damu. Tansiyo ikashuka vizuri sana. Shida ni kwamba haikushuka peke yake. Kitandani nikawa kama moteur ya gari ambayo mutu amepiga kontakti, ameipasha moto, ameisukuma, na haitaki. Siku za kwanza nilisema ni uchovu. Kisha nikasema ni baridi ya Mudzipela, mutaa wetu. Nilipomaliza sababu zote, nikaanza kubaki saloni na radio mupaka Léontine asinzie. Radio yenyewe haikuwa na pile; betri zilikufa zamani.

Yeye akawaza kama mwanamuke yeyote wa hapa angewaza: bwana asiyekuja kitandani ana biro ya pili, ni kusema mwanamuke wa pembeni, mahali fulani. Aliitafuta ile biro ya pili kwa macho kanisani, sokoni, mupaka kwa mama anayeuza makala. Hakuiona, na kule kutoiona kukamuhakikishia kwamba imefichwa vizuri.

"Léontine," nilimwambia mbele ya mufuko, "hakuna mwanamuke. Ni kinini."

Akaniangalia.

"Hubert, weye njo ulisema mulivuna mahindi juu ya lori."

Kweli nilisema. Nilikuwa dereva wa lori miaka yote ya nguvu zangu, kati ya Bunia na Mahagi, na mvua moja lori ilizama matopeni hata tukapanda mahindi juu ya kabini, tukapalilia, tukavuna, ndipo tukavutwa. Ni ukweli mutupu, isipokuwa kupalilia. Nilisema pia kwamba niliwahi kupita juu ya daraja, na daraja likapiga miayo, kumbe ni kiboko. Mambo kama hayo yalinipatia rafiki wengi, na bia. Lakini siku nilipohitaji mutu mumoja aniamini jambo moja, nilikuta imani yote nilishaitumia kwa kiboko.

"Basi uliza daktari," nilisema.

"Uulize weye. Weye njo mugonjwa."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Daktari wangu ni Clarisse, na Clarisse ni mutoto wetu wa ndoa, si wa kuzaa. Miye na Léontine tulisimama kanisani naye na bwana yake Fabien kama parrain na marraine, wasimamizi wa ndoa yao, na kwetu parrain hasimami tu kwa ajili ya picha. Ni yeye anafundisha vijana mambo ya nyumba, na nyumba ikitikisika ni yeye anaitwa wa kwanza, kabla ya baba na mama. Kwa hiyo kabla ya ndoa niliwakalisha saloni kwangu muchana muzima, nikawafundisha kazi ya bwana kitandani. Nilifundisha kwa mifano. Mufano nilikuwa miye mwenyewe. Léontine aliondoka katikati akaenda jikoni kuangalia sombe, majani yake ya muhogo.

Sasa ungetaka niingie kwa Clarisse nimwambie nini?

Kila nilipoenda kupimwa aliniuliza, "Papa parrain, iko kitu ingine?" Na miye nilijibu, "Hapana, mutoto yangu. Magoti tu." Akaniandikia pomade ya kupaka magoti. Magoti yangu hayajawahi kuuma. Pomade zimejaa dirishani mupaka jua linaingia nyumbani kwa ubavu.

Nilijaribu pia kujitibu. Niliacha kinini bila kumwambia mutu. Naiweka mudomoni, Léontine akigeuka naitupia kuku. Jogoo wetu akawa mutulivu sana. Akaacha kuwika, akawa anakaa chini ya kiti, na kuku zake wakaanza kulala kwa jirani. Kwangu miye kilichopanda ni tansiyo peke yake. Kichwa kikawa kinagonga toka asubuhi.

Lakini Léontine hakuweza kuondoka hivi hivi. Mwanamuke aliyeolewa kanisani akibeba sufuria bila kuambia parrain wake, hata kaka yake mwenyewe atamurudisha. Na siye tuna parrain wetu, muzee Augustin, katekista wa zamani. Watu wanafikiri parrain ni kitu cha vijana. Hapana, ni mupaka kifo, na kifo kimemusahau muzee Augustin. Anatembea bila fimbo, anasoma bila miwani, ni masikio tu yamekwisha. Kuongea naye lazima upaze sauti kama mutu anayeita mwenzake ngambo ya muto wa Shari.

Akaja muchana uleule, akakaa saloni, akavua kofia. Inje, ngambo ya uzio wa lupango, jirani yetu mama Gracieuse alikuwa anatwanga sombe.

"Iko nini hapa?" muzee aliuliza.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi yangu ikipanda kwa mara ya kwanza.

"MUZEE! HUBERT HANIGUSE TENA!"

Mutwangio wa mama Gracieuse ukasimama.

"Tangu lini?"

"TANGU MBELE YA PASAKA!"

"Iko na mwanamuke ingine?"

"NJO NASEMA!"

"HAPANA, MUZEE!" nikaingilia. "NI KININI YA TANSIYO! INAKATA NGUVU!"

Barabarani moto moja, pikipiki ya abiria, ilikuwa inapita. Ikazima moteur.

Muzee Augustin aligeuza kofia mukononi. "Ulimwambia daktari?"

"DAKTARI NI CLARISSE! NI MUTOTO YANGU YA NDOA! NITAMWAMBIA NAMNA GANI?"

"Unaniambia miye," muzee alisema, "na unaambia watu yote ya Mudzipela. Sasa ni Clarisse peke yake njo hapashwe kujua?"

Nikageukia upande wa dirisha.

"Kweli, papa Hubert," mama Gracieuse alisema toka ngambo ya lupango.

Basi muzee akakata maneno, na parrain akikata hakuna pa kukatia rufaa. "Kesho asubuhi munaenda kwa daktari yote wawili. Mufuko inabaki nyuma ya mulango. Kama daktari anasema ni kinini, Léontine anatoa vitu yake. Kama anasema hapana kinini, Hubert njo atabeba ule mufuko mupaka ku gari ya Mahagi, ku kichwa."

Kisha akaomba chai.

Kesho yake tulimukuta Clarisse kwenye chumba chake cha kupimia. Akatuinukia kwa heshima.

"Papa parrain, mama marraine! Muko muzima? Magoti?"

"Magoti iko muzuri," nikasema. "Nilikuya kwa sababu ya rafiki yangu moja. Dereva. Anakaaka Aveba. Anakunywaka kinini sawa yangu, na sasa mambo ya nyumba yake haitembee."

Kadiri nilivyoendelea, yule rafiki akazidi kukamilika. Nikamupatia lori, mbwa, na jicho moja. Clarisse alikuwa ananifunga kitambaa cha mashini ya tansiyo mukononi. Mashini ikapumua.

"Vingt sur onze," alisema. Ishirini juu ya kumi na moja: tansiyo ya kuangusha mutu. "Papa, kinini unakunywaka?"

"Kila siku."

"Jogoo njo anakunywaka," Léontine alisema.

Kumbe aliona.

"Na ule dereva ya Aveba," Clarisse akauliza, akifungua kitambaa, "iko na bibi?"

"Iko na bibi muzuri sana."

"Ule bibi njo miye," Léontine alisema.

Inje watoto wa chanjo walikuwa wanalia. Clarisse akavua kile chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka mezani.

"Papa parrain. Ile siku ya kutufundisha, ulisema mambo mingi. Ingine nilisahau, asante Mungu. Lakini ulisema: kama mambo ya kitanda haitembee, musifiche, mukuye kwangu, haya na aibu iachieni ku mulango. Siye na Fabien tulikuya. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Walikuja mwaka wao wa kwanza, wakakaa wote wawili wakiangalia simenti ya chini. Sikuwacheka. Na sikumwambia mutu, hata kwa bia, na yalikuwa mambo ambayo kwa bia yangeenda vizuri.

"Sasa leo weye njo unakuya kwangu," alisema. "Sema."

Nikasema. Nilisema kwa ufupi, bila lori, bila mbwa. Clarisse akaniuliza maswali kwa uso uleule mutu anaulizia kikohozi: inakuwa hivyo kila mara, ao mara ingine? Asubuhi ukiamuka? Unavuta sigara? Kifua inauma? Nikajibu yote nikiangalia picha ya chanjo ukutani, mutoto mumoja munene anayecheka.

"Bon," alisema. "Iko kinini za tansiyo zinafanyaka vile. Hapana zote, na hapana kwa kila mutu. Tansiyo yenyewe inafanyaka vile, na sukari pia, njo maana leo tutapima sukari. Hii kinini hatutairudilia. Nitakupatia ingine, unaanza leo, na unarudia tuone. Lakini kuacha dawa weye mwenyewe, hapana tena. Ulikuwa unaweza kuanguka, mukono moja na muguu moja vinakufa. Kinini ikikusumbua, unakuya hapa mbele ya kuiacha. Na ile poda wanauzishaka ku soko kwa wanaume, usiguse. Haujue wamechanganya nini ndani, na inaweza kupigana na dawa mupaka moyo inasimama."

Léontine alikuwa ameshika sakosi, mukoba wake, kwa mikono miwili.

"Dokta," alisema. Siku zote anamwita mutoto yangu. "Donc hakuna mwanamuke?"

"Mama, mambo ya wanamuke sijue. Najua kinini. Ile kinini inaweza kufanya hivi."

Nilitamani aongeze kidogo. Mutu aliyesimamiwa ndoa nami angepaswa kujua kuongeza kidogo. Lakini Léontine alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Huyu naamini," aliniambia. "Hajavunaka mahindi juu ya lori."

Nyumbani alianza na sufuria, kwa sababu alikuwa anaihitaji kupika. Kisha akatoa blauzi, ndara, shuka. Kitenge kimoja, kile chenye picha za ndege, kanga za bluu, akakiacha ndani, akarudisha mufuko nyuma ya mulango.

"Na hii?" nikauliza.

"Daktari alisema inaweza kufanya. Hakusema ilifanya."

Tukaanza maisha mapya. Kila asubuhi nilimeza kinini mbele yake, kisha nikafungua mudomo, naye akamulika ndani na tochi ya telefone. Chumvi ikapungua, makayabo, samaki ya chumvi, ikaisha kabisa. Sukari ilikuwa muzuri. Tansiyo ikashuka, polepole, na kila tuliporudi Clarisse aliniuliza kila kitu bila kupita kwa magoti.

Jogoo alipona wa kwanza. Akawika kabla ya majogoo yote ya Mudzipela, na kuku zake wakarudi toka kwa jirani kwa mustari, mukubwa mbele. Miye nilikawia kuliko yeye. Ni umri. Kulikuwa na siku moteur ilikohoa ikazima, na Léontine akasema haizuru, akalala. Lakini radio niliiacha.

Jumapili moja, Siku ya Mungu, asubuhi, nilikuta mufuko umekunjwa juu ya kabati. Inje, kwenye kamba, kitenge cha kanga za bluu kilikuwa kinatoa maji, kimefuliwa.

Muzee Augustin alikuwa anatoka misa ya kwanza. Akasimama barabarani katikati ya watu, na kwa sababu hajisikii mwenyewe, anaongea kama tarumbeta.

"HUBERT! ILE MAMBO INAENDA NAMNA GANI?"

Mutwangio wa mama Gracieuse ukasimama. Nikafungua mudomo. Jibu nilikuwa nalo tayari, jibu muzuri, lenye mulima ndani na lori inayoupanda bila breki. Léontine akanipita mulangoni, mikono imejaa povu ya sabuni.

"MUZEE! MUFUKO HAINA KITU NDANI!"

Muzee akainua kofia, akaendelea na njia yake. Ngambo ya lupango mama Gracieuse akarudilia kutwanga.