Kola Isiyobana

Miaka yote ya ndoa yake, fundi wa magauni alikuwa akitafuta mtoto, mpaka masikio yakaota sugu kwa maneno ya watu. Mumewe alishapimwa, hana neno. Yeye alipigwa picha ya mirija ya uzazi, ikaonekana iko wazi. Hedhi tu ndiyo ilikuwa kaidi, inakuja ikijisikia.

Siku hiyo alirudi kliniki na mama mkwe wake, aliyeshona naye chumba kimoja. Mama huyo mdomo anao, tena mrefu, lakini hakuwahi kumsimanga mkwewe hata siku moja.

Daktari alimuuliza kama anachoka haraka. Anachoka. Anasikia baridi wenzake wakitokwa jasho? Sana. Daktari akamkazia macho shingoni.

"Nguo hazikubani hapa?"

"Hapana, daktari."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Zitambanaje? Kola ikianza kumkaba tu, anaifumua anaipanua. Hata hiyo aliyovaa kaifumua juzi!"

Fundi akajishika shingo. Kweli tupu. Alidhani ni unene, na fundi gani akae na nguo inayobana wakati mkasi anao? Akaona haya, kisha akacheka na yeye.

Daktari akampapasa shingo, akamwambia ameze mate, akaagiza apimwe damu. Majibu yalipotoka, akawaita.

"Tezi yako ya shingoni ni mvivu. Ikizembea hivi, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Utameza vidonge vya kuiamsha. Siwezi kukuahidi mtoto, mwanangu, ila sasa tunajua tunatibu nini."

Fundi alifurahi hadi akasahau mkoba kitini. Kujua peke yake kulimtua mzigo.

Vidonge vilifanya kazi. Uchovu ukaisha, hedhi ikatulia, kola zikaanza kumpwaya, akawa anazipunguza huku akiimba. Kisha hedhi ikapotea tena. Aliogopa kuwa ugonjwa umerudi, akanyamaza.

Asubuhi moja sketi ikagoma kufunga kiunoni. Kwa mazoea akaivua, akachukua mkasi, akaanza kutafuta mshono. Mama mkwe akasimamisha cherehani, akamdaka mkono.

"Weka mkasi chini. Safari hii hufumui kitu kabla hujasema."

Fundi akamtazama, akaitazama sketi, machozi yakamlengalenga.

"Mama," akasema, "sketi inanibana."