Kipimo cha Betri ya Blandine

Jumanne droni ya Blandine ilizimika ikiwa juu ya machimbo ya Kakontwe, ikaangukia rundo la mawe ya chokaa na kuvunjika mguu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za marundo hayo kutoka angani ili wachimbaji wajue wametoa mawe kiasi gani. Droni haikuwa na chochote cha kumwonyesha betri imebaki na nguvu gani. Alikuwa akikisia kwa saa ya mkononi, na siku hiyo alikosea.

Mguu aliubadilisha mwenyewe. Kisha akaagiza kipimo cha betri kutoka Lubumbashi: kijibao kidogo kinachokaa kati ya betri na mota, kikapima volti na umeme unaopita, halafu kikapeleka habari kwenye ubao unaoiongoza droni. Jumamosi alikipeleka Kikula, pamoja na droni na kompyuta, nyumbani kwa baba yake, Stanislas.

Mzee Stanislas alikuwa fundi umeme wa kiwandani kwa miaka thelathini na moja. Tangu alipopooza upande wa kulia, miaka miwili nyuma, sanduku lake la vifaa lilikaa chini ya kitanda, na hakutaka hata kuulizwa juu ya balbu. Blandine aliviweka vitu vyote mezani mbele yake, akamwambia anaogopa kuunguza ubao.

Baba akatazama pembeni. “Mukono yangu haiko tena ya kazi, mama.”

“Mukono nitaleta minye,” Blandine akasema. “Weye leta macho.”

Baba akamtuma alivute sanduku.

Blandine alilehemu zile waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, baba akimwelekeza: apashe waya joto kwanza, asiharakishe risasi ya kulehemia, apulize kidogo. Kiungo cha kwanza baba alikikataa, kikarudiwa. Cha pili alikigusa kwa ukucha wa mkono wa kushoto, akaguna kwa kuridhika.

Zikabaki waya sita nyembamba za kwenda kwenye ubao. Plagi yake ililingana na tundu kabisa, na Blandine alikuwa ameshaisogeza aichomeke.

“Ngoja, mama. Kuingia tu haitoshi. Tupime kwanza.”

Wakaunganisha betri, plagi ikiwa bado inaning’inia, Blandine akagusisha ncha za multimeta, kifaa cha kupimia umeme, mahali baba alipoonyesha. Volti tano zilitokea upande ambao, kwa mchoro wa ubao, ulipaswa kuwa hasi. Waya zilikuwa zimepangwa kinyume. Angeichomeka, ubao ungeungua. Walitoa betri, wakazichomoa waya kwenye plagi kwa sindano ya Mama Georgette, mama yake, na kuzipanga upya moja moja. Walipopima tena, kila waya ilikuwa mahali pake.

Wakaichomeka plagi na kuirudisha betri. Kompyuta waliyoiunganisha na droni ilisoma volti kumi na nne, multimeta ikasema kumi na sita. Blandine akadhani wameharibu. Baba akacheka, cheko ambalo binti yake hakuwa amelisikia kwa muda mrefu, akamweleza kwamba kila kipimo kipya hufundishwa kwanza. Blandine akarekebisha namba kwenye kompyuta mpaka vyote viwili vikapatana, kisha akaweka onyo la kurudi kabla betri haijachoka.

Jumatatu alitaka kwenda Kakontwe peke yake, lakini alipopita Kikula kuichukua droni alimkuta baba mlangoni, amevaa kofia yake ya kazini. Kule machimboni alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kivulini, kompyuta mapajani. Droni ikapaa. Mzee akawa anasoma volti kwa sauti, polepole, kama anayeita majina ya watoto darasani, na wachimbaji wawili wakaja kusimama nyuma yake.

Onyo lilipolia hakushtuka.

“Rudisha, mama,” akasema. “Iko nachoka.”

Blandine akaishusha taratibu, miguu yote minne chini, akaenda kubadilisha betri.